Barabara Chumbani kwa Apolline

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Ndivyo methali ilivyogeuka Kadutu, mtaa wa Bukavu uliojibana mlimani, katika miaka ile magari makubwa yalipoanza kushuka Kamituga kufuata dhahabu.

Apolline alikuwa anachambua maharagwe mlangoni wakati Gaston, mumewe, dereva wa lori, aliporudi kutoka safari. Gaston aliingia na viatu vyake, akaacha nyayo nyekundu kwenye sementi. Apolline akapiga deki. Nyayo zikabaki. Akasugua kwa majivu na gunzi. Zikabaki.

"Acha tu," Gaston alisema, akinyoosha miguu. "Iko udongo ya Mwenga. Haitokake."

Safari iliyofuata alirudi na alama za magurudumu. Zilianzia mlangoni, zikakata sebule, maji machafu yametuama ndani yake. Safari nyingine ulikuja mtaro na vyura wake. Mvua zilipokolea, barabara yote ya Kamituga ilikuwa inaingia kwa mlango wa mbele na kukomea hatua chache kabla ya chumba cha kulala.

Majirani walikuja kuangalia. Walisema barabara ya Burhale ni mbovu zaidi. Mkuu wa avenue, kiongozi wa nyumba za pale, akaitisha salongo, kazi ya lazima ya umma: Jumamosi watu walikuja na majembe, wakafukia mashimo ya sebuleni, wakaimba wimbo wa Chama tawala, wakarudi kwao. Wiki ile ile askari akafunga kamba ya kizuizi kwenye kibaraza cha ndani, akaweka kiti chake hapo.

"Citoyenne, unaenda wapi?"

"Jikoni kwangu. Naenda kupika."

"Kila mutu anapita hapa anaachaka kitu kidogo."

Apolline alimwachia kiazi, akapita.

Askari hakumtisha. Kilichomtisha ni jinsi barabara ilivyosogea. Gaston akiwa safarini, ilitulia. Gaston akirudi na kulala, asubuhi ilikuwa imeongezeka. Apolline alisukuma kitanda hadi ukutani. Barabara ikapinda kona, ikakifuata. Alianza kulala na magoti kifuani, kama mtu aliye kwenye nyumba inayojaa maji.

Siku moja alimkuta msichana ameketi kando ya barabara, pale sebuleni, na beseni la mandazi.

"Jambo, maman. Mandazi iko ya moto."

"Unatokea wapi?"

"Mwenga. Mi naitwa Yolande. Lori zikikwama kwa matope zinakaa wiki. Madereva wanakula kwetu, wanalala kwetu."

"Kwenu na nani?"

Yolande alicheka. "Maman naye! Unauliza kama mutoto ya misioni. Baba aliingia shimo ya dhahabu, shimo ikamufunika. Chakula yetu inapitaka na lori. Unafikiri mandazi ndiyo inasomesha bandugu zangu?"

Apolline alikuwa na matusi tayari mdomoni, matusi mazuri ya Kishi, lugha ya kwao, aliyofundishwa na mama yake. Lakini msichana alikohoa ndani ya kitenge chake, akakohoa tena, na mifupa ya mabega ikasimama kama vipini vya jembe. Nyuma yake, kila mahali malori yanapokwama, waliketi wengine na mabeseni yao. Wote walikuwa wamekonda.

"Ulianza lini kukohoa?"

"Sijue, maman. Wanapita wengi."

Apolline alimletea maji ya kunywa. Kisha akaingia chumbani, akahesabu hatua zilizobaki kati ya barabara na kitanda.

Gaston alikonda kwa msimu mmoja. Hospitalini daktari alilitamka neno sida, ukimwi, kwa sauti ya chini, akamwambia baba mdogo wa Gaston. Mke hakuambiwa. Siku Gaston alipokufa, barabara ilikuwa imefika chini ya godoro. Apolline alipovua viatu baada ya mazishi, aligeuza nyayo zake. Zilikuwa nyekundu. Alishuka ziwani, akazisugua kwa jiwe mpaka ngozi ikachubuka. Zilibaki nyekundu.

Matanga yalipokwisha, familia ya Gaston ilikuja kutoka kijiji cha Miti. Alitangulia Adélaïde, shangazi wa Gaston, akiinua pagne yake juu ya madimbwi na kulalamika. Akafuata Firmin, mdogo wa Gaston, mchuma chai, amevaa shati jipya. Nyuma alikuja Euphrasie, mke wa Firmin, mtoto mgongoni.

"Apolline," Adélaïde alisema, "kitanda ya ndugu haibakiake baridi. Firmin atakurithi. Analala hapa leo, ndipo nyumba ibakie ya familia."

Apolline akasimama kwenye mlango wa chumba, mikono yake yote miwili kwenye fremu.

"Tante, angalia chini. Barabara iko inaishia hapa. Firmin akilala humu, itafika Miti. Itafika kwa Euphrasie, na kwa huyu mutoto anayenyonya."

"Barabara tunaiona," Adélaïde alisema. "Hatuko vipofu. Nani alikuwa anafagia hii nyumba? Bibi mwenye anafagia muzuri, barabara itaingia kwake namna gani?"

Majirani waliokuwa dirishani walikubali. Askari naye, kwenye kiti chake, alikubali.

Firmin aliangalia chumba, akamwangalia Apolline, ambaye hakusogea. "Basi, kama hanitaki," alisema, akirekebisha kola. "Patron amenipa usukani ya lori ya kaka. Siku ya kwanza ya juma nashuka Kamituga."

Watu walimpongeza. Kazi ya usukani si ya kila mtu.

Ndugu walibeba sufuria, wakabeba redio, wakampita Apolline na kubeba godoro na udongo wake. Euphrasie alibaki nyuma kidogo. Alimsogeza mtoto mgongoni, akasema polepole, bila kumwangalia Apolline:

"Dada, na akirudi nayo kwetu, mi nitasimama mlango gani?"

Apolline alimkazia kitenge cha mtoto mgongoni. Hofu aliyoiona kwenye shingo ya mwanamke yule ilikuwa ile ile yake.

Adélaïde alirudi kutoka nje. Akasimama kati ya alama za magurudumu, kidole chini.

"Piga magoti. Umeua mutoto yetu na uchafu wako, umemupatisha Firmin haya mbele ya watu. Omba musamaha, utabakia kwa nyumba. Ukikataa, unatoka leo."

Lori lilinguruma mahali fulani sebuleni, likikwamuka. Watu walisogea lipite. Apolline naye alisogea, kisha akarudi mlangoni pake, akasimama wima.

"Musamaha siombi," alisema.