Sheria ya Misumari

Mimi nilijua sheria iko mahakamani. Ina muhuri, ina mtu wa kukwambia simama, ina benchi la kukuumiza makalio. Basi mjukuu wangu, huyu wa binti yangu wa pili, akaja karakanani asubuhi moja na daftari lake, akasema chuo kimemtuma aje kutafuta sheria kwetu.

"Umepotea njia, mjukuu wangu," nikamwambia. "Hapa utapata maranda tu."

"Babu, sisi tunaosoma mambo ya jamii hatuishii kwenye vitabu vya hakimu. Tunaangalia watu wanafuata nini, na anayevunja anafanywa nini. Hapa mko mafundi sita na mashine moja ya randa. Mbona hamjauana?"

Swali zuri hilo, nami nililijibu bila hata kuweka patasi chini. Nikamwonyesha misumari ukutani, pale kando ya mashine. Ukitaka mashine unatundika aproni yako. Aliyetundika msumari wa kwanza anaanza, wa pili anafuata. Ukiruka aproni ya mwenzako, unakusanya vifaa vyako unaondoka. Haijaandikwa popote, na tumeishi nayo miaka arobaini na moja, tangu mama yake mjukuu huyu hajaota meno.

"Haya, andika hivyo upate maksi zako, tukanywe chai."

Hakuandika. Alivuta kigoda akakaa palepale kwenye vumbi, wiki tatu nzima. Mafundi wakampa jina, Profesa. Kipimo, fundi mwenzangu tunayemwita hivyo kwa sababu anapima ubao mara tatu halafu anakuomba na wewe upime, alimwambia, "Profesa, ukizidi kukaa hapo tutakupiga vanishi."

Wiki ya tatu mambo yakaharibika. Tulikuwa na fundi mpya, ana miezi miwili kwetu, jina lake likawa Mgeni. Mchana mmoja aproni ya Kipimo ilikuwa msumari wa kwanza. Mgeni akaipita kama haioni, akawasha mashine, akapiga randa vipande vinne vyembamba, akazima, akarudi zake mezani. Neno hata moja hakutoa. Kipimo amesimama na ubao begani, anamtazama tu.

Hakuna aliyegomba. Ila kuanzia saa ile hakuna aliyemshikia Mgeni upande wa pili wa ubao, na ubao mrefu wataka watu wawili. Alikuwa anaburuta peke yake kama siafu aliyepata mzigo mkubwa. Kipimo akaitisha kikao Ijumaa alasiri, na hoja ni moja, Mgeni aondoke. Mimi nilikubaliana naye. Nikiwa mkubwa wao neno la mwisho ni langu, na nilikwisha kuliandaa kichwani.

Ijumaa mchana, kabla ya kikao, mjukuu wangu akanifuata na daftari nikinywa chai.

"Babu, ulisema akiruka anaondoka. Nimehesabu. Wiki hizi tatu aproni zimerukwa mara kumi na tisa."

"Na nani, hawa wahuni?"

"Wewe mara sita."

Chai ikapita njia siyo. "Sita?"

"Sita. Jumatatu ya kwanza lilikuwa jeneza. Jumatano, mlango wa yule mama aliyevunjiwa. Niendelee?"

"Hizo zilikuwa haraka bwana, sasa maiti angengoja?"

"Kweli asingengoja, Babu. Na kila mara uliingia ukisema, 'Jamani, nina jeneza hapa,' na mwenye aproni akasogea. Kumi na nane zote walisema. Mmoja tu ndiye aliyenyamaza."

Nikaweka kikombe chini. Miaka yote hiyo nilidhani ni maneno tu ya kinywani, kama mtu anavyopiga chafya.

"Kwa hiyo ile uliyoniambia," akasema, "ndiyo mnayowaambia wageni. Mnayoifuata ni hii ya kusema. Mgeni yeye aliambiwa ipi?"

Aliyemwambia ni mimi, siku yake ya kwanza. Nilimwonyesha misumari. La kusema sikumwambia, maana hata mimi sikujua kama ninalo.

Kikaoni Kipimo akaeleza yake, kisha akamgeukia Mgeni. "Vile vipande vilikuwa vya nini hasa?"

"Kitanda cha mtoto. Mke wangu alikuwa anaruhusiwa hospitali saa nane."

"Sasa si ungesema?"

"Nilikotoka, ukileta mambo ya nyumbani kazini unafukuzwa. Nikaona nifanye chapuchapu nitoke."

"Ukaona bora ufukuzwe kimyakimya," Kipimo akasema, na wenzetu wakaguna kwa kicheko.

Nikasimama. Mimi kuzungukazunguka sijui. Nikawaambia, wiki hizi tatu nimeruka mara sita, na kama kuruka ni kuondoka basi nifungieni vifaa vyangu leo hii. Mgeni kosa lake ni kunyamaza, na hilo namlaumu. Lakini sheria nilimpa nusu, nusu nyingine nikabaki nayo. Hatumfukuzi mtu kwa nusu ambayo hakupewa.

Kipimo akakuna kidevu. "Hizo sita nani kahesabu, Mzee?"

Nikamtazama mjukuu wangu, na wote wakamtazama.

"Na mimi ninazo?"

"Nne, mjomba. Moja ulisema ni kabati la mama mkwe, ana haraka."

"Mama mkwe si haraka?"

"Zile mbao zilikaa hapo siku tisa."

Walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Kipimo alijaribu kukaza uso, akashindwa. Akamwambia Mgeni, "Basi kaa. Lakini ukipita tena aproni yangu bila neno, hata huyu Mzee hatakuokoa. Kitanda umemaliza?"

"Bado ubao wa mbele."

"Sasa?"

Mgeni akatutazama mmoja mmoja. Akasimama, akakohoa kidogo, akasema kwa sauti, "Jamani, nina kitanda cha mtoto hapa."

Mashine ilikuwa imezimwa, misumarini hapakuwa na aproni hata moja. Lakini sote tukasogea.