Komadre Hasemi Hapana

Nemesia alichota kikombe cha kwanza cha uji wa mahindi ya zambarau, akakifunika kwa kisahani, akakiweka pembeni ya jiko. Kilikuwa cha Eulogia. Tangu wawe majirani pale sokoni, hapakuwa na mteja aliyeonja uji kabla ya Eulogia kusema umekolea mdalasini au haukukolea. Leo uji ulipoa ukaota ngozi juu, na turubai la kibanda cha nyama kavu ya lama lilikuwa bado limefungwa kwa kamba. Baridi ya Oruro, mji wa milimani Bolivia, ilikuwa imeacha weupe kwenye mikunjo yake.

"Komadre wako kalala leo," alisema Asunta, muuza mikate wa ng'ambo ya njia. "Au kapata bwana?"

"Akipata bwana utajua wewe kabla yake. Wewe si ndiye redio ya soko?"

"Redio haina betri siku hizi. Hela ya betri nimenunulia ule unga wako wa afya."

Safu nzima ikacheka. Nemesia naye alicheka, lakini wenzake walikuwa wameshamaliza.

Wilma, binti wa Eulogia, alifika jua lilipoanza kugusa mabati. Alikuwa msichana mkubwa sasa, wa kuolewa, lakini bado aliinama na kuubusu mkono wa Nemesia kama alivyofundishwa utotoni, kwa kuwa Nemesia ndiye aliyemshika siku ya ubatizo wake. Kuanzia siku hiyo Nemesia na Eulogia waliitana komadre. Ukomadre ni zaidi ya udugu; ndugu huruhusiwa kugombana.

"Mama yako anaumwa?"

"Mama ameondoka."

"Kaenda wapi?"

"Chile. Kuchuma zabibu." Wilma alikuwa akizungusha ufunguo kidoleni. "Alipanda basi jana. Alisema nisikwambie mpaka awe ameshapita forodha."

"Kwa nini mimi nisiambiwe?"

"Alisema ungekwenda kituoni kumzuia, na yeye angekusikiliza. Unamjua, mama. Hajawahi kukukatalia."

Nemesia alishika mwiko akaanza kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Mambo ya unga yalianza na Ivonne, ambaye mwanzoni alikuja kama mteja tu. Alivaa koti jekundu, akakizungushia kikombe viganja vyake vilivyopigwa na baridi, akasema kwamba mwanamke anayejua kuamka saa zile hapaswi kuzeekea nyuma ya sufuria. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Nemesia neno kama hilo. Alikuwa mjane wa dereva wa lori, na magoti yalikuwa yameanza kumlalamikia. Akaenda alikoalikwa na Ivonne, kwenye ukumbi wa wachimba madini, akakuta watu wakimpigia makofi hata mtu aliyetaja jina lake tu. Wakampigia na yeye. Aliporudi nyumbani mashavu yalikuwa bado yana moto.

Kampuni ya Ivonne, iliyouza unga wa afya kwa kila mtu kumwandika mwenzake chini yake, iliwafundisha namna ya kumwingiza mtu usiyemjua: muulize ndoto zake, mwache aongee, bei iache mwisho. Nemesia hakuyaweza. Mtu asiyemjua alimwonea haya hata kumuuliza kama anataka sukari. Kwa hiyo aliwaendea makomadre zake, kwa sababu kati ya makomadre hakuna kuulizana ndoto. Mmoja huomba, mwingine hutoa.

Walipokwisha, akatafuta wapya. Zamani watu walimfuata wao wenyewe kumwomba awasimamie jambo. Sasa alipita sokoni akiuliza nani ana shughuli. Akawa mama wa keki, yule anayeilipia, kwenye harusi ya watu aliowajua kwa sura tu. Akawa mama wa jezi za timu ya wachinjaji, mama wa kumkata mtoto nywele za kwanza, mama wa mapazia ya kanisa. Kila shughuli ilimletea komadre, na kila komadre alichukua katoni ya unga wa afya, kwa sababu komadre hasemi hapana. Hakuwa na hila. Aliuamini ule unga. Aliunywa mwenyewe kila asubuhi, ingawa ulimsokota tumbo.

Eulogia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia chini yake; kampuni iliwaita wawili wa kwanza wa chini yako miguu yako, na kila mguu ulitakiwa kununua mzigo kila mwezi. Hakuuliza hata swali.

"Niandike," alisema siku hiyo, huku akimkatia mteja nyama. "Nitakuwa mguu wako upi?"

"Wa kushoto."

"Ule unaouma? Haya, acha niuuguze."

Na mguu wa kushoto haukuwahi kulegea. Mwezi kwa mwezi Eulogia alinunua mzigo wake. Kule ukumbini Nemesia alisimama akamtaja kwa jina, kwamba ana komadre hodari wa kuuza kuliko wote, akapigiwa makofi.

Wilma alifungua kufuli, wakakunja turubai pamoja. Kulabu za nyama zilikuwa tupu. Meza ilikuwa imefutwa, mizani haipo. Nyuma, pale palipofichwa siku zote na nyama zilizoning'inia, kutoka sakafuni hadi karibu na bati, zilipangwa katoni za kampuni, na hakuna hata moja iliyobanduliwa gundi. Nemesia alidhani ni mzigo mpya. Kisha akapitisha kidole juu ya moja, kidole kikatoka na vumbi.

"Hizi si alishauza?"

"Hajauza hata moja, mama. Mwanzo alijaribu. Watu wakamwambia, Eulogia, sisi kwako tunafuata nyama."

"Lakini alikuwa ananunua kila mwezi!"

"Alinunua mwenyewe. Akauza nyama ya akiba. Halafu juzi, mizani." Wilma alisema taratibu, kama anayemvua mtu kiatu kwenye mguu uliovimba. "Alisema mguu wake ukianguka, wewe utavuliwa beji yako ya daraja mbele za watu. Alisema, komadre wangu anayapenda sana yale makofi."

Nemesia alitafuta mahali pa kukaa. Palikuwa na katoni tu. Akakaa juu ya katoni.

Hapo ndipo Ivonne alipomkuta.

"Bi Nemesia! Bado na aproni? Leo unapanda daraja la Kondori na kuvishwa beji yake, mwenzangu, ukumbi umeshajaa!"

"Eulogia ameondoka."

Ivonne alikitazama kibanda, akaelewa upesi. Hakuwa mkatili. Naye alikuwa na wa juu yake. Simu ililia mkononi mwake, na alipoona jina, uso wake ulinywea kabla hajaizima.

"Nafasi ikibaki wazi leo, mguu unakatika," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe unashuka, na mimi nashuka nawe. Huyu si binti yake? Mwandike yeye. Ni kutia sahihi tu. Mzigo wenyewe upo tayari, hana pa kuhangaika."

Wilma alifuta mikono kwenye sketi yake ya marinda. "Ukisema, mama, nitaweka jina langu."

Alilisema kama mama yake alivyosema, bila kuuliza chochote. Nemesia aliitaka ile beji ya Kondori. Alikuwa ameshawaambia wanawe, ameshanunua shali ya kuipachikia. Ilibaki aitikie kwa kichwa tu, na asubuhi ile ingeendelea kama asubuhi nyingine.

"Nani aliyekushika kwenye ubatizo?" aliuliza.

"Wewe, mama."

"Basi mimi nakukataza. Hutaandika jina lako kwa huyu wala kwa mwingine. Hata kwangu. Nikija siku moja nikakuomba, nikatalie."

"Bi Nemesia, fikiria. Jasho lako lote..."

"Kaa unywe uji, Bi Ivonne. Una baridi."

"Nasubiriwa," alisema Ivonne, na koti jekundu likapotea kati ya magunia ya viazi.

Nemesia aliinuka akasimama katikati ya njia. Makomadre zake walikuwa pande zote, kila mmoja nyuma ya meza yake, na wote walikuwa wamesikia.

"Msinunue tena kwangu," alisema. "Nikija, nifukuzeni."

"Sasa hivi ndiyo unasema?" aliuliza Asunta. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Sasa hivi ndiyo nasema."

"Na zilizojaa vyumbani kwetu?"

Nemesia alizigeukia zile katoni za Eulogia. Asunta akampa mgongo, akaendelea kupanga mikate yake.

Siku hizi wengi pale sokoni humwita Bi Nemesia, kama anavyoitwa mgeni. Wanaonunua uji wake ni wapita njia na wapakiaji wa malori. Wilma amepata mizani ya kuazima na anauza nyama kidogo kidogo. Zile katoni wamezisogeza nyuma ili kulabu zipate nafasi. Msimu wa zabibu umekwisha, na Eulogia amehamia kwenye mizeituni. Hupiga simu Jumapili. Wilma huinuka, huenda kuongea na mama yake kule kwenye geti la soko, kisha hurudi na kusema kwamba mama ni mzima. Nemesia hajawahi kuomba apewe simu.