Kinu Kilichokaliwa

Usiku wa jana niliota nimeshtakiwa na stuli zangu mwenyewe, na kilichoniuma ni kwamba zilikuwa na hoja.

Lakini ndoto nisiisingizie. Lazima kwanza niseme nilichofanya nikiwa macho. Mimi ni karani wa masijala hapa Songea, na nikishatoka kazini alasiri ni fundi wa samani za asili. Cheo hicho cha pili nilijipa mwenyewe, baada ya kuangalia video kwenye simu kwa wiki mbili. Naokota magogo, milango iliyong'olewa, nguzo za mazizi yaliyohamwa, nakata, napiga msasa, napaka vanishi. Miguu ya meza ikipishana urefu, nasema ndiyo asili yenyewe. Benchi langu la kwanza lilimwangusha katekista mbele ya kwaya nzima, na nilipomwinua nikamweleza kuwa mti ndivyo ulivyoota.

Wateja nina maneno yao maalumu. "Kila kipande cha mti kina hadithi yake," nawaambia, huku nakipapasa. "Wewe tulia usikilize, kitakusimulia." Mpaka sasa walioamini ni wawili, na mmoja ni shemeji yangu.

Sasa, nyuma ya jiko letu palikuwa na kinu cha mninga, kikubwa, kimepata ufa mdomoni, na kuku alikuwa akitagia humo. Mwezi uliopita mke wangu Skolastika alikwenda semina Njombe. Nikamtoa kuku, nikakikata kinu katikati kwa msumeno. Kitako nikakifunika kwa ubao, kikawa stuli. Sehemu ya juu nayo nikaiziba kwa ubao, ikawa stuli ya pili. Zote nikazipaka vanishi na kuziwekea mito ya kitenge. Skola aliporudi alizizunguka, akakalia moja, akasema, "Baba Libe, tangu uanze hii kazi yako, hiki ndicho kitu cha kwanza chenye adabu." Nilishindwa kumwambia mti umetoka wapi.

Kinu chenyewe hakikuwa cha hivi hivi. Skola alikuja nacho siku aliyoolewa, kikiwa nyuma ya gari pamoja na mchi wake kutoka Kigonsera, zawadi ya mama yake, Bi Otilia Kapinga. Na juzi Bi Otilia alipiga simu. Anakuja Jumamosi kwa ajili ya komunio ya kwanza ya mjukuu wake Liberata, togwa atapika yeye, na kimea chake hakiendi mashine kwa sababu mashine inakiunguza.

"Kinu changu kipo?" aliuliza.

"Kipo, mama," Skola akajibu, bila kwenda kukitazama.

Mimi nilikuwa hapo hapo, nimekikalia.

Na kinu hakikaliwi. Mtoto akikikalia anachapwa, mtu mzima akikikalia amemtukana mama wa nyumba. Mimi nilikuwa nimekitafutia na mto. Basi jana, Ijumaa, nilikwenda kulala nikiwa na mpango mmoja tu, kwamba labda mama mkwe atapata mafua asisafiri.

Katika ndoto ni mchana, na niko kazini. Masijala ni ile ile, dirisha ni lile lile, ila foleni ni ya mbao.

Wa kwanza ni mlango wa ghala la kahawa ambao mwaka jana niliugeuza meza ya chakula. Umesimama kwa miguu yake minne, mmoja mfupi.

"Hodi," unasema.

"Karibu."

"Umeona? Wewe umeitika. Huko nyumbani wananiwekea sahani tu, hakuna anayebisha. Mimi ni mlango."

Nauuliza kama una barua yoyote.

"Barua sina. Nina hadithi. Si ulisema tusikilizwe?"

Nakumbuka kweli nilisema. Nachukua kalamu. Mlango unasimulia mpaka saa sita, na hadithi yote inahusu kufuli moja. Nagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, nauambia usubiri kwenye benchi.

Inafuata nguzo ya zizi, ambayo sasa ni kinara cha taa sebuleni kwa shemeji.

"Ng'ombe wako wapi?" inauliza.

"Hakuna ng'ombe."

"Basi ninazuia nini?"

"Huzuii. Umeshikilia taa."

Nguzo inaiangalia taa yake. "Kwani taa inataka kutoroka?"

Naandika: jalada linafanyiwa kazi.

Wakati huo benchi nililouambia mlango usubirie linasogea lenyewe mpaka dirishani, limeegemea upande mmoja. Ni lile la katekista. Linaniambia halina hadithi ndefu, lina sahihisho. "Mimi niliota nimenyooka," linasema. "Wewe ndiye uliyenipindisha. Naomba katekista ajulishwe." Nawaza kumwandikia katekista, na katika ndoto wazo hilo linanitisha kuliko foleni nzima.

Kisha foleni inapisha. Zinakuja stuli mbili zenye mito ya kitenge, zinatembea bega kwa bega.

"Sisi ni," inaanza ya juu.

"Kinu," inamalizia ya chini.

"Tumekuja kukupa."

"Samansi."

Naambiwa nifike Kigonsera. Nauliza lini, na kabla sijajibiwa niko Kigonsera, jikoni kwa Bi Otilia, muhuri wa ofisi bado mkononi. Moshi ni ule ule wa siku niliyopeleka posa. Mafiga matatu yamekaa kama baraza, na nyuma yao, umeegemea ukuta, ni mchi. Umefungwa kitambaa cheusi kiunoni.

"Pole kwa msiba," nauambia, kwa sababu nimelelewa vizuri.

"Pole kutoka kwa muuaji naiweka wapi?" unasema mchi.

Figa la katikati linauliza mshtakiwa ana kazi gani.

"Fundi wa samani za asili."

Mafiga yanaangaliana. "Samani zako zina miguu mingapi?"

"Minne."

"Na zinayumba?"

"Kidogo. Ndiyo asili."

"Sisi ni matatu," linasema figa, "tumebeba vyungu tangu bibi yake Otilia akiwa mwali, na hatujawahi kuyumba. Wala hatujawahi kupakwa vanishi. Mshtakiwa aliomba ruhusa kabla ya kukata?"

"Nilidhani hakina kazi. Kuku alikuwa anatagia humo."

"Kuku aliomba ruhusa," linasema figa la kushoto.

Nageuka, na kweli, kuku wangu amesimama mlangoni na mayai yake kwenye kikapu, ananitazama. Hasemi kitu. Ningependa angesema.

Hukumu inasomwa hapo hapo: mshtakiwa atwange maji kwenye kinu mpaka yawe unga.

"Kwenye kinu gani?" nauliza. "Si nilikikata."

"Hilo ni lako," linasema figa la katikati. "Wewe ndiye fundi."

Basi navua mito. Nang'oa mbao nilizozibia, na misumari inatoka kirahisi sana, kiasi cha kunivunja moyo kama fundi. Napandanisha kipande juu ya kipande, nachuchumaa, navibana kwa magoti visiachane. Namimina maji. Yanachuruzika kwenye alama ya msumeno na kunilowesha suruali. Nauomba mchi samahani, nauomba tena, mara ya tatu unakubali kushikwa.

Ni mzito. Maishani mwangu sijawahi kutwanga, nimewahi tu kuwaelekeza wanaotwanga. Pigo la kwanza maji yananirukia usoni. La pili yananiingia mdomoni. Kufikia la hamsini mikono inawaka moto, na maji bado ni maji.

"Lakini hii kazi haina maana," nasema. "Kutwanga maji kwenye kinu! Hata mtoto wa darasa la tatu anajua huko ni kujisumbua bure."

"Anajua nusu," kinasema kinu. Kwa kuwa sasa kimeungana, kinasema sentensi nzima, na sauti yake ni ya chini na haina haraka. "Si ulitaka kusimuliwa? Twanga, nikusimulie."

Natwanga.

"Ulikuwa mwaka wa njaa. Skola bado yuko mgongoni, baba yake amekwenda kutafuta kibarua mbali na hajaleta habari. Ghala limebaki vumbi. Pale kijijini, jua likianza kushuka, kila nyumba inatwanga. Nyumba isiyotwanga inasikika kwa ukimya wake, na kesho yake watu wanakuja kuitazama kwa huruma. Otilia hakuitaka huruma hiyo. Akatia maji ndani yangu, akatwanga."

"Maji matupu?"

"Siku ya kwanza matupu. Lakini maji peke yake mlio wake si wa nafaka. Siku ya pili akatia na konzi ya pumba, ili mlio uwe wa chakula. Akatwanga hivyo jioni kumi na tisa, mtoto amelala mgongoni kwa ile mitikisiko. Majirani wakawa wanasema, kwa Otilia kumejaa. Siku ya ishirini baba yake Skola akarudi na debe la mahindi. Otilia hajamwambia mtu, hata huyo mume. Tunajua wawili, mimi na mchi."

Mchi unatikisa kichwa mikononi mwangu.

"Binti alipoolewa akampa mimi," kinasema kinu. "Na wewe ukanitafutia mto."

Hapo niliona aibu. Zipo aibu ninazozisimulia watu ili wacheke, kama ile ya katekista. Hii haikuwa hiyo. Nililia ndani ya maji niliyokuwa nikiyatwanga, na sikuacha kutwanga. Nikachota pumba pale chini nikatia konzi moja, na mlio ukabadilika, ukawa kweli wa chakula.

"Bado," yalisema mafiga, na nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Skola alishaamka, nilimsikia uani akimfokea mtu kuhusu viti vya kukodi. Nilijaribu kujifuta uso, nikapiga ukelele. Viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, manne mkono wa kulia, matatu wa kushoto, mekundu na yamejaa maji. Nikajiambia ni msumeno. Lakini msumeno sijaushika wiki nzima, kwa ajili ya dhamiri, na hata ningeushika, huwa naushika kwa mkono mmoja.

Sikupata muda wa kujidanganya zaidi. Gari lilipiga honi barabarani, na Bi Otilia Kapinga akashuka, mzima kabisa, hana hata mafua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Libe. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, mama. Karibu sana."

Nikampokea kiroba cha kimea. Kilipogusa kiganja nikasema "Aah!" na kukiachia chini.

Kwa miaka kumi na mmoja, mimi na mama mkwe hatujawahi kupita salamu ya ncha za vidole, kama inavyostahili. Leo alinishika mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama. Akabonyeza lengelenge moja kwa kidole gumba.

"Hili la mchi," alisema. "Na hili. Jembe halikai hapa, wala msumeno haukai hapa. Ulikuwa unatwanga nini?"

Skola aliyekuwa ametoka kumlaki mama yake aliangua kicheko. "Mama nawe! Huyo atwange? Huyo hata karanga za futari za jirani hajawahi!"

Uongo nilikuwa nao wa kutosha, nimeshaukata na kuupiga msasa tangu juzi. Kinu kimeibwa. Kinu kimeliwa na mchwa. Nilifungua mdomo nichague mmoja, na kilichotoka ni kingine.

"Maji, mama," nilisema. "Na konzi ya pumba, ili mlio uwe wa chakula."

Skola alizidi kucheka, akajishika mbavu. Bi Otilia hakucheka. Kidole gumba chake kilibaki pale pale juu ya kiganja changu. Alimwangalia binti yake, ambaye mwaka ule alikuwa mgongoni, kisha akanirudia mimi, na aliponiuliza alishusha sauti ili Skola asisikie.

"Nani kakwambia?"

"Kinu, mama."

Kisha akaiachia mikono yangu taratibu.

"Kilete nikione," alisema.

Nikaingia sebuleni kukileta. Nilikwenda mara mbili.