Aliyeitika Jina Langu

Sijalala, nafumba macho tu. Ndivyo ninavyomwambia Bi Mashavu, mwenyekiti wa chama chetu cha washairi, tukiwa tumeketi nyuma ya pazia la ukumbi nikingoja zamu yangu. Ni rika la bibi yangu, kwa hiyo huniita mume. Fumba, mume wangu, anasema huku akijipepea, lakini usikorome, wenzako wanaghani. Wenzangu! Mmoja yuko jukwaani sasa hivi, anasoma kwenye karatasi, na mizani yake inachechemea kama mbuzi mgonjwa. Mimi sikufundishwa na mtu. Vina nilijifunza kwa redio, nikipiga pasi nguo za watu, na leo nikiitwa ukumbi mzima utajua. Nafumba macho. Upepo unalileta pazia usoni mwangu, unalirudisha, unalileta tena, kisha halirudi, nami niko upande wa pili, nimesimama wima, na upande wa pili hakuna jukwaa wala watu. Kuna barabara.

Ni barabara ya mbao, mbao zilezile za jukwaani zenye misumari iliyoinuka, inakwenda mpaka macho yanachoka, inalia chini ya miguu yangu, na kila nikigeuka nilikotoka kumekuwa niendako. Natembea, nafika mji. Kuta za mji ni vioo vya simu, virefu kutoka ardhini hadi mawinguni, na katika kila kioo nipo mimi, na kofia yangu, naghani. Nafurahi, nisiseme uongo. Nasema, huu ndio mji wangu. Chini ya vioo watu wanaendelea na maisha yao: mama anakuna nazi macho yako kiooni, bwana arusi na bibi arusi wamepeana migongo macho yako kiooni, kinyozi ananyoa macho yako kiooni, na mteja wake anavuja damu sikioni wala hana habari. Nawaambia, jamani, mimi hapa, ndiye huyo! Kinyozi anasema, hebu nyamaza wewe, hatumsikii Shaibu. Shaibu ni mimi, nasema. Anacheka, anamgusa mteja bega, anamwambia, mwingine tena huyu. Nafunga mdomo kwa hasira. Wale wa viooni hawafungi. Wanaendelea kughani, na huku wanaghani macho yao yanashuka taratibu, yananitafuta, yananipata.

Hapo ndipo baridi inaniingia. Ubavuni pangu amesimama mtu wa kanzu na koti, kama mshereheshaji, ameshika kipaza sauti, lakini uso hana. Mahali pa uso ni laini kama yai lililomenywa. Sauti inatoka kwenye kipaza. Namuuliza, hawa ni nani? Anasema, ni wale uliowaita. Sikumwita mtu. Uliwaita mwishoni, anasema, kila mara mwishoni. Sema maneno ya watu, bwana! nafoka. Anainamisha kichwa, na vioo vyote kwa pamoja vinaghani ubeti wangu wa mwisho, ule ambamo mshairi hujitaja jina kama ilivyo desturi yetu:

Mimi Shaibu mghani, mzawa wa Ngamiani,
nikipanda jukwaani, wengine huwa ni duni.

Kwa ubeti huo nimefunga kila shairi, nimeurusha mtandaoni kila nilipopata bando. Naelewa bila kuambiwa: kila nilipojitaja, mmoja wao alizaliwa. Na sasa? nauliza. Jukwaa ni moja, anasema, jina likiitwa huitika mmoja. Na atakayechelewa kuitika? Umeshamwona mtu asiye na jina? anasema, mtazame vizuri. Natazama watu wa mji, mkuna nazi, kinyozi, maharusi, na sasa naona kwamba nyuso zao nazo zinalainika, nyusi zimefutika, midomo imebaki alama. Najipapasa pua. Imepungua.

Nakimbia. Nao wanatoka viooni, wanakimbia, wote mimi, hawahemi. Wananipita wakinizodoa kwa sauti yangu: pole, kaka, umechelewa! Tazama jasho hilo, utaiharibu kofia! Hata kukimbia kwa kupendeza hujui, wewe! Mbali mbele pazia linaning'inia katikati ya barabara, na kila nikilikaribia mji unakunjuka upya kati yangu na lile pazia, vioo vilevile, nazi ileile inakunwa. Naghani ili niwazuie. Natoa beti zangu kali kuliko zote, wanazidaka kabla sijazimaliza, wanazighani vizuri kuliko mimi, hawakosi pumzi, hawakosi kina. Namlilia mtu asiye na uso, niwashindeje? Wape wasichonacho, anasema. Kila nilicho nacho wanacho! Kila ulichokionyesha, anasema.

Nasimama, na kinywa changu kinatoa kitu ambacho sijawahi kukitoa mbele ya mtu. Naogopa, nasema. Naogopa giza hili, naogopa kusahauliwa, naogopa kwamba nikinyamaza humu ndani hamna mtu. Hakuna vina, mizani imevunjika, mwingine angesoma hivyo ningemcheka hadi nyumbani kwao. Lakini wale wanasimama. Wanafungua midomo, hakuna kitu. Nasema na kutembea, nasema na kutembea, nawapita mmoja mmoja, macho yao yananifuata, na najua wanangoja nini. Wanangoja mwisho. Kinywa changu kimezoea, kinakwenda chenyewe kwenye jina, limeshafika kwenye ulimi, tamu kama siku zote. Naliuma. Nalimeza. Maneno yanaisha bila mwenyewe, nashika pazia, napita. Nyuma yangu kipaza kinasema, ametoka. Kisha kinauliza, nani? Sigeuki.

Nafumbua macho. Bi Mashavu ananitikisa, nilikwambia usikorome, mume wangu, watu wote wamekusikia! Shati limenigandama mgongoni. Nataka kumweleza, na kabla sijaanza mshereheshaji anaita kutoka upande wa pili, Shaibu wa Ngamiani! Watu wanapiga makofi. Haya, nenda, wanakuita, anasema Bi Mashavu, ameushika mkono wangu. Nataka kuitika. Nafungua mdomo, natafuta jina pale nilipolimeza, silipati. Na nikiwa bado nimeketi nasikia hatua za mtu zinapanda ngazi za jukwaa, za kujiamini, zisizo na haraka, nazijua hatua hizo, ni zangu. Mtu anakohoa mara moja kusafisha koo. Bi Mashavu, mkono wake ungali juu ya wangu, anageuza uso kuelekea pazia, anatabasamu, anapiga kigelegele.