Sakafu ya Bi Stara Inalia

Mbao zililia kwa mara ya kwanza mwezi wa saba, saa nane mchana, Bi Stara akiwa amekaa sebuleni anachambua mchele. Ta! Akainua kichwa. Ta! tena, safari hii kutoka chumba cha mwanawe Rahimu, na humo chumbani hamkuwa na mtu ila Asma, mkamwana wake, bibi harusi wa miezi miwili. Bi Stara akaweka ungo chini. Hakuuliza kitu siku ile, na heri angeuliza.

Sakafu ile aliitandika Fundi Mbwana, na tuseme ukweli mapema tusije tukazungushana: kosa lilikuwa lake. Mninga ulishuka na lori kutoka Tabora mwisho wa mvua, mbao nzito, nyekundu, nzuri za kutazama, lakini bado zina unyevu ndani. Mbao za namna hiyo, hapa Dodoma, unazipanga ndani ya chumba kilekile zitakamolala. Unatenganisha kila ubao na mwenzake kwa vijiti, unafungua madirisha, unaziacha wiki tatu, hata nne, zizoee hewa yetu hii inayopasua midomo ya watu. Hapo ndipo unashika randa. Mbwana aliyajua hayo vizuri kabisa, kazi ameifanya miaka thelathini.

Lakini Bi Stara alikwisha panga siku ya harusi, na Bi Stara akipanga siku, siku hupangika. "Bibi harusi wangu hakanyagi saruji," alisema. Mbao zikapumzishwa siku nne. Nne! Alipouliza kama zimekauka, Mbwana aligonga ubao mmoja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari, akajibu, "Zimekauka, Bi mkubwa." Zikapigwa misumari, zikapakwa vanishi, zikang'aa, watu wakavua viatu mlangoni wenyewe bila kuambiwa.

Halafu ukaja ule upepo wa kiangazi unaotoka upande wa Zuzu na vumbi lake. Mbao zikaanza kukauka kwelikweli, zikajikunja, zikavutana na misumari. Ubao ukivuta msumari unalia, hamna uchawi hapo. Lakini nani wa kumweleza Bi Stara? Yeye alikuwa na hesabu yake: kabla Asma hajaja, nyumba ilikuwa kimya, Asma amekuja, nyumba inalia. Jamani, kabla Asma hajaja nyumba ilikuwa na saruji! Hilo halikumjia kichwani hata kidogo.

Maneno yalimfikia Mbwana dukani, anaponunua gundi. Nyumba ya Bi Stara ina kitu, walisema. Moyo ukampasuka. Akavizia siku Bi Stara amekwenda msibani, akaenda. Asma akamfungulia, kajifunga khanga mbili, macho yamevimba.

"Shikamoo, baba fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nimepita kutazama kazi yangu."

Akapiga magoti chumbani. Kati ya ubao na ubao palikuwa na mwanya wa kusimamisha sarafu. Kwenye kona ya dirisha, ubao mmoja umenyanyua mdomo. Mbwana aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Dawa ya kweli ilikuwa kung'oa yote na kuanza upya, na kung'oa maana yake ni kusema kwa nini. Na wakati huo Mzee Nurdini, ami yake Rahimu, alikuwa kwenye kamati ya msikiti mpya, na milango ya msikiti ule ilikuwa bado haijapata fundi.

"Sikiliza," akamwambia Asma. "Hewa ya humu ni kavu mno. Chukua mabeseni manne, yajaze maji, weka moja kila kona. Hewa ikipata maji, mbao zitatulia kidogo."

"Nimwambie mama?"

"Ya nini kumsumbua? Haya mambo ya ufundi. Yabaki kwako na kwangu."

Asma akaitikia. Msichana wa milimani Kondoa, amelelewa kumsikiliza mtu mzima. Akaweka mabeseni yake: moja nyuma ya kabati, moja chini ya kitanda upande wa kichwani, mawili nyuma ya mapazia. Kila siku akabadilisha maji, na ili chumba kisinuke maji yaliyolala, akatia majani ya mrehani. Alifurahi, maskini. Kwa siku tano sauti zilipungua, naye akadhani ameokoka.

Siku ya sita Bi Stara aliingia kutafuta sindano. Akakuta beseni la kwanza. Akakuta la pili. Alipolifikia la nne, lenye majani yanayoelea juu ya maji, alikuwa anasoma dua kwa sauti, na mimi simcheki. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Aliogopa kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa analala juu ya maji yale.

Wakaitana alasiri ileile. Mzee Nurdini alikaa kwenye kochi, Rahimu kando yake, Bi Stara kwenye kiti, Asma chini kwenye mkeka. Mabeseni manne yamepangwa katikati, juu ya mninga.

"Ni fundi," Asma alisema. "Fundi Mbwana aliniambia niweke. Muiteni mumuulize."

Wakampigia simu, akaja. Alipoyaona mabeseni kutoka mlangoni, alijua. Angeweza kugeuka. Angeweza, vilevile, kusema sentensi moja tu, na mambo yangeishia pale kwa fedheha yake na kicheko cha watu wawili watatu.

"Fundi," akasema Mzee Nurdini, kwa upole, maana alikuwa anampenda, "ni wewe uliyemwambia huyu binti aweke maji chumbani?"

Mbwana alimtazama Asma. Akamtazama Mzee Nurdini.

"Mimi?" akasema. "Mzee wangu, mimi ni fundi wa mbao. Maji na mbao wapi na wapi?"

"Si nilisema!" Bi Stara akapiga paja. "Mtu huyu alitukataza hata ndoo ya deki! Futeni kwa kitambaa kilichokamuliwa, alisema, tone la maji lisilale hapa. Leo ndiye aagize mabeseni?"

"Baba fundi." Asma alikuwa amesimama. "Ulipiga magoti pale. Ukaniambia yabaki kwako na kwangu. Kwa nini unanifanyia hivi?"

Mbwana akatazama mikono yake. Rahimu alikuwa anapekua simu iliyokuwa haina kitu cha kupekua.

Kesho yake Asma alipanda basi la Kondoa na mabegi mawili, talaka ikafuata nyuma. Habari zilikuwa zimemtangulia. Kisimani wanawake walimpisha kwa heshima ambayo haikuwa heshima. Mwezi wa tisa ng'ombe wa jirani alikufa, watu wakaitazama nyumba ya mama yake. Mwezi wa kumi mtu alirusha mawe juu ya bati lao, mchana kweupe, na hakuna aliyetoka kumkemea. Mbwana aliyapata haya yote kutoka kwa dereva wa basi, na kila akiyapata alishindwa kula.

Milango ya msikiti alipewa. Aliitengeneza vizuri ajabu. Mbao alizipumzisha wiki sita. Watu wakamsifu. Yeye kila Ijumaa hupita mlango wa uani.

Mwezi wa kwanza mvua ikashika. Bi Stara akamwita, naye akaenda na moyo mzito, akitegemea lawama. Akakuta bibi amechangamka kuliko siku zote.

"Tembea, fundi. Tembea usikie."

Akatembea. Kimya. Mianya imejifunga, mbao zimebanana, zimetulia kama siku ya kwanza.

"Unaona? Ametoka, na taratibu nyumba imepona."

Basi, hapo Mbwana alishindwa. Alikaa chini palepale sakafuni, mtu mzima, akasema yote. "Ni mvua, Bi mkubwa. Mbao zimekunywa unyevu, zimevimba, zimefunga. Zililia kwa sababu nilizipiga zikiwa mbichi. Mabeseni nilimwagiza mimi. Binti wa watu hana kosa. Niliogopa, nikasema uongo mbele ya wazee."

"Ulisema uongo lini, fundi? Siku ile, au leo?"

"Siku ile."

"Mzee Nurdini alikuuliza mbele ya watu, ukajibu bila kusita. Leo uko peke yako, unalia." Akatikisa kichwa, akamshika bega. "Una huruma sana. Au wamekufikia na wewe, Mungu apishe mbali. Nitakuombea dua."

"Bi mkubwa, nakuapia..."

"Yameisha hayo. Nimekuita kwa kazi. Rahimu anaoa tena, binti wa Kongwa, Salwa jina lake, mtoto ana adabu zake. Nataka chumba kipigwe vanishi mpya. Harusi mwezi wa saba, watu wakishavuna."

Mbwana akainuka. "Mwezi wa saba zitalia tena," akasema. "Upepo ukianza tu. Wallahi, zitalia."

Bi Stara alikuwa ameinama, anapangusa kwa ncha ya khanga mahali fundi alipodondosha machozi, ili maji yasilale juu ya mbao.

"Zikilia," akasema, "tutajua huyo naye ni nani."