Mwamba wa Mama Loisi

Asubuhi moja mwanamke nisiyemjua aliingia kambini kwetu Msalato, katika nchi ya Ugogo, jembe begani, akasimama mbele ya meza yangu ya sampuli za mawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeumega mwamba wetu wa kuanikia mtama? Ulikukosea nini?"

Alikuwa Mama Loisi, wa kijiji cha jirani. Nilimwomba radhi. Mwaka ule wa 1995 nilikuwa nimetoka tu chuo kikuu, mwanajiolojia mchanga, nikitaka kujua granaiti ya kale ya mwamba huo ilizaliwaje. Lakini majibu ya maabara yalikuwa yamekuja mabovu, sodiamu kidogo mno. Mkuu wangu, Bwana Swalihu, alinicheka: "Umepima kutu ya jiwe, kijana." Mvua za miaka na miaka zilikuwa zimeosha madini ya juu. Nilibakiwa na nafasi moja ya kupima, nikamweleza hayo yote.

"Jiwe zima, lisiloguswa na mvua, liko chini," alisema Mama Loisi. "Njoo."

Alinipeleka kwenye kisima ambacho wanaume wa kijiji walikichimba kwa kuuchoma mwamba ule ule moto, kisha kuumwagia maji hadi upasuke. Kando kulikuwa na vipande vilivyotolewa chini kabisa, vya kijivu, vinang'aa.

"Chukua. Ila majibu niyasikie mimi kwanza, kabla ya wakubwa wako."

"Nitakuja, mama."

Majibu yalifika Julai, siku ambayo gari la kampuni ya dhahabu lilikuwa linichukue saa sita kwenda Dar es Salaam kwenye usaili wa kazi. Nilifungua bahasha peke yangu. Sodiamu tele, strontiamu tele, itriamu kidogo: alama ya mwamba ulioyeyuka kwenye kina kirefu. Nilisoma mara tatu.

"Inasemaje?" aliuliza Bwana Swalihu aliponikuta.

"Kuna mtu niliyemwahidi ayasikie kwanza."

"Yule mama? Kampuni haitakungoja."

"Najua, mzee."

Nilitembea kwa saa mbili. Mama Loisi alikuwa anaanika mtama juu ya mwamba.

"Palikuwa na bahari, mama. Sakafu yake ilizama chini ya nchi kavu, ikayeyuka huko kwenye kina, ikapanda ikiwa moto, ikapoa. Ndiyo hii."

Aliweka kiganja juu ya jiwe. "Bahari? Ugogo?"

"Hapa hapa."

Alicheka mpaka akaketi. Mbali, vumbi la gari la kampuni lilikuwa linaelekea mjini.

"Vua viatu, usinikanyagie mtama," alisema. "Halafu anza tena, polepole."

Nikavua viatu.