Kosa la Nyumbani

Pale zahanati, bwana afya alimsimamisha Mama Pacha mbele ya akina mama wenzake, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kikining'inia kila aliposogea.

"Haya, Mama Pacha. Waambie wenzako ulikosea wapi."

Bado walimwita Mama Pacha, ingawa pacha mmoja walishamzika.

"Maji nilichemsha, bwana afya."

"Ulichemsha au uliyapasha moto kama maji ya kuoga?"

Benchi zima likacheka. Jirani yake wa mlango wa pili, mwenye mimba kubwa, alicheka hadi akajishika kiuno.

Mama Pacha akafungua kitambaa, akatoa sufuria. Ndani ilikuwa imeota ukoko wa kijani mpauko, mgumu, haukwanguki hata kwa kisu.

"Maji ya kuoga yanaacha hiki? Mama yangu alichota maji chemchemi ile ile tunayochota, na bibi yangu. Hakuna aliyekiona. Kimekuja na kiwanda cha ngozi. Walituahidi bomba, tukawapigia makofi kama mazuzu."

"Moto unaua kila kitu."

"Unaua vijidudu. Dawa ya kiwandani ya kusindika ngozi haifi, inakolea! We chemsha mchuzi wenye chumvi, uache uchemke, halafu uonje."

Kicheko kikakatika. Zahanati ilijengwa na kiwanda. Gari la wagonjwa lililoegeshwa nje lilinunuliwa na kiwanda, na ufunguo wake ulikuwa mkononi mwa bwana afya, akiuchezea tangu asubuhi.

Akamsogelea, akashusha sauti.

"Dada yangu, huyu ni wa hospitali kubwa. Kosa likiwa la nyumbani, gari linaondoka. Ukitaka liwe la kiwanda, hilo ni jambo la uchunguzi. Utawangoja wachunguzi."

"Kwa yule wa kwanza tuliwangoja."

"Basi unajua wanavyochelewa."

Mtoto akamtapikia mgongoni, kitu chembamba, cha moto. Hakulia. Nguvu za kulia zilikwisha jana.

Mama Pacha akawageukia wenzake.

"Sikuchemsha."

"Sauti!"

"Sikuchemsha! Ni uvivu wangu."

"Na ulituapia!" jirani akamaka. "Mwongo we! Tukaanza kuogopa maji bure."

"Mmesikia wenyewe," bwana afya akasema. "Chemsheni. Tena chemsheni zaidi."

Dereva alikuwa amekwenda kula, wakamngoja ashibe. Gari lilipopita mtaani kwao, kila jiko lilikuwa likifuka moshi. Jirani alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, tumbo limemlemea, akipuliza kuni. Alipoliona gari akanyanyuka, akainua sufuria ili aonwe.

"Mwenzangu! Mimi yangu nimechemsha mpaka yamebaki nusu!"

Mama Pacha akagonga kioo. Kilikuwa hakifunguki. Akapiga kelele, akapiga tena kwa viganja vyote viwili.

"Tulia, mama," dereva akasema. "Tunawahi."

Kule nje, jirani alipuliza kikombe kikapoa, akanywa, akajimiminia kingine.